Boudu hakusema asante: tumcheke nani?

SWALI, kutoka kwa mwalimu wa Kifaransa wa sekondari moja jijini Tanga: "Niliwaonyesha walimu wenzangu Boudu sauvé des eaux, filamu ya Kifaransa ya mwaka 1932, kwa kuwa nimesoma sana sifa zake kama komedi. Mzururaji anajitosa mtoni Paris. Muuza vitabu anamwopoa, anampa nguo, chakula na pa kulala. Yule bwana anaivuruga nyumba nzima, anatembea na mke wa mwenyeji wake, anamuoa dada wa kazi, na siku ileile ya harusi anatoweka bila hata kuaga. Mwenzetu mmoja alisema 'asante ya punda ni mateke', akatoka zake. Waliobaki walicheka, ila nilipowauliza wanacheka nini hawakuwa na jibu. Mwongozaji yuko upande wa nani? Na nikiwaonyesha vijana wa kidato cha tano, sitakuwa nawafundisha kuwacheka maskini?"

JIBU: Mwalimu, kama umenizidi umri, shikamoo, kama nimekuzidi, basi marahaba. Huyo mwenzako aliyetoka na methali ya punda amekaribia kuielewa filamu kuliko waliobaki wakicheka, maana methali hiyo ndiyo iliyo mezani kuanzia dakika ya kwanza. Tunapishana naye mahali pamoja tu. Yeye anamlaumu punda. Jean Renoir, mwongozaji, anatuomba tumwangalie na mwenye punda: alimtwisha nini, na alitazamia kulipwa nini.

Rudi mwanzo, kabla ya mto. Boudu yuko Bois de Boulogne, ile bustani kubwa ya miti upande wa magharibi wa Paris, na mbwa wake mweusi amepotea. Anamwendea polisi kuomba msaada. Polisi anamkagua kwa macho, anaona matambara na ndevu, anamwambia ajiondokee kabla hajamtia ndani. Punde anatokea mwanamke aliyevaa vizuri, naye mbwa wake kapotea. Hapo polisi anachangamka, na waungwana waliokuwa wakipunga upepo wanaingia kazini kumtafuta mbwa wa bibi. Renoir anayaweka mambo hayo mawili bega kwa bega, kisha anaendelea na safari. Hatuombi machozi.

Kinachofuata ni kipande kidogo ambacho ningependa ukionyeshe peke yake, hata kama filamu yenyewe hutaionyesha. Mtoto wa kike, yuko na mama yake, anampa Boudu faranga 5. Boudu anauliza za nini. Za kununulia mkate. Baadaye gari linasimama, Boudu anafungua mlango kama wafanyavyo watafuta bakshishi wa mjini. Mwenye gari anajipapasa mfuko huu, anajipapasa ule, hapati chenji. Anahangaika. Boudu anamwangalia, anatoa zile faranga 5 na kumkabidhi. Za nini hizi? Za kununulia mkate.

Mtazame Michel Simon, mwigizaji wa Boudu, anavyofanya jambo hilo. Hakonyezi. Hamdhihaki tajiri. Hana ile sura ya mtu aliyekomesha mtu. Amemwona binadamu anapekua mifuko na hapati kitu, na yeye anayo hela, basi anampa kwa maneno yaleyale aliyopewa nayo. Ukishika hapo, filamu nzima imekufungukia. Boudu hajui kwamba sadaka ina mwelekeo, kwamba hutoka juu ikashuka chini na wala hairudi. Na kwa kuwa hajui hilo, hajui pia kwamba anayepokea anatakiwa ainame kidogo.

Hapa niingize neno la sheria, kwa sababu vijana wako wanaweza kudhani yule polisi alikuwa tu mtu wa roho mbaya. Hapana, alikuwa na kitabu nyuma yake. Kanuni ya adhabu ya Ufaransa ya mwaka 1810 ilitamka waziwazi kuwa uzururaji ni kosa, na adhabu yake ilikuwa kifungo cha miezi 3 hadi 6. Kutokuwa na makazi, njia ya kujikimu wala kazi ya kawaida kulitosha kukupeleka jela. Vifungu hivyo vilidumu hadi kanuni mpya ilipoanza kutumika mwaka 1994. Sisi nasi tulirithi sheria za namna hiyo kutoka kwa Waingereza, na Disemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapohapo Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika. Nakutajia hayo ili ujue kuwa Boudu anapotembea tu barabarani tayari ni mkosaji. Kosa lake ni kuwapo.

Sasa tuje kwenye vichekesho vya mwili. Wewe ni wa Tanga, mji wa Mzee Majuto, kwa hiyo sihitaji kukueleza kwamba kuna mchekeshaji anayekumaliza mbavu kabla hajafungua mdomo. Wafaransa nao wana historia ndefu ya mambo hayo. Mwaka 1895 ndugu wa Lumière walionyesha filamu fupi ya mtunza bustani anayerushiwa maji usoni na mpira wake mwenyewe wa kumwagilia, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Max Linder, mtanashati wa kofia ya hariri, alikuwa anachekesha Ulaya nzima kwa kuanguka kistaarabu. Charlie Chaplin alimheshimu Linder kama mwalimu wake.

Na ni kwa Chaplin ndipo swali lako linapata mwanga. Mwaka 1931, mwaka mmoja kabla ya Boudu, Chaplin alitoa City Lights. Humo mzururaji ndiye anayemwokoa tajiri mlevi aliyetaka kujizamisha. Tajiri akilewa anamkumbatia rafiki yake mpya. Pombe ikimtoka hamjui kabisa. Mzururaji wa Chaplin, hata akiwa na glavu zilizotoboka, ana adabu kuliko kila mtu: anavua kofia, anajipangusa, anampenda msichana kipofu na kumhangaikia fedha za matibabu. Umaskini wake ni bahati mbaya iliyomkuta muungwana. Ndiyo maana dunia nzima ilimpenda, matajiri wakiwamo. Ukimwokoa mtu kama yule, kesho yake atakuletea ua.

Renoir anaigeuza hadithi hiyo. Tajiri (si tajiri sana, ni mwenye duka) ndiye mwokoaji, na aliyeokolewa hana hata chembe ya uungwana ndani ya matambara yake. Hakuna mtu mwingine aliyejificha humo. Hana hadithi ya zamani, hajaachwa na mke, hakufilisika. Katika filamu yote hatuambiwi alikuwa nani kabla. Watazamaji wengi, hata leo, wanamtafuta yule Chaplin wa ndani, hawamwoni, ndipo wanapoanza kukasirika. Nadhani hilo ndilo lililomtoa mwenzako chumbani.

Tukio la kuokolewa lenyewe lina ujanja ambao unapita haraka. Édouard Lestingois, muuza vitabu, ana duka ukingoni mwa Seine, upande wa kusini, mbele ya Pont des Arts, daraja la waenda kwa miguu linaloelekea Louvre. Yuko dirishani na darubini, anatazama wanawake wanaopita. Darubini inamnasa Boudu, naye Lestingois anafurahi kama mkusanya vipepeo: hajapata kumwona mzururaji aliyekamilika namna ile! Yaani kabla hajamwokoa ameshamgeuza kuwa kitu cha kutazamwa. Kisha Boudu anajirusha, na hapo Lestingois, lazima tumpe haki yake, hasiti. Anashuka mbio, anavuka barabara, anapiga mbizi. Huo ni ujasiri wa kweli, na filamu haiudhihaki.

Umati unaojazana pale ukingoni na darajani ulikuwa kwa sehemu kubwa wapita njia halisi wa Paris waliokuja kushangaa upigaji picha. Vivyo hivyo, Boudu anapotembea kando ya mto, Renoir alimpiga kwa mbali kwa lenzi ya kuvuta, watu wakipishana naye bila kujua kuwa huyo ni mwigizaji maarufu. Hawamgeukii. Mzururaji wa kweli hapati mtazamaji. Inabidi kwanza ajitose mtoni. Filamu chache za miaka ile, sauti ilipokuwa bado ngeni na studio zimefungiwa ndani, zilithubutu kutoka nje namna hiyo.

Baada ya hapo tunaingia nyumbani, na kuanzia hapo komedi ni ya mwili wa mtu mmoja dhidi ya vitu vya nyumba moja. Nyumba ya Lestingois imejaa: vitabu, vinyago, piano, mapazia, milango mingi, ujia mrefu wa kuunganisha vyumba. Renoir anapenda kuweka kamera mwisho wa ujia, au ng'ambo ya dirisha, ili uone vyumba viwili vitatu kwa wakati mmoja, kila kimoja na shughuli yake. Nyumba hiyo ina mpangilio, na mpangilio huo una siri zake: mke, Emma, analala chumba chake, dada wa kazi, Anne-Marie, chumba chake, na bwana mkubwa usiku hunyata kutoka kimoja kwenda kingine. Boudu anapopewa kitanda anakikataa, anajilaza sakafuni kwenye ujia. Hajui lolote kuhusu safari za usiku za mwenyeji wake. Amelala tu. Lakini njia imefungwa, na mzee wa watu hana pa kupita. Utaona hapo ufundi wa kichekesho: Boudu hajafanya kitu. Kuwapo kwake kumetosha, kama kule bustanini kwa polisi, isipokuwa sasa anayeumia ni mwingine.

Mezani divai inamwagika kwenye kitambaa. Wanamwagia chumvi, wakimweleza kuwa chumvi hufyonza divai. Vizuri, Boudu anachukua divai na kuimwagia chumvi. Kama hiki kinatoa kile, kwa nini kile kisitoe hiki? Ni hoja ileile ya faranga 5.

Halafu tukio la viatu. Hapo Michel Simon anastahili kutazamwa mara mbili, ya kwanza kwa kicheko na ya pili kwa kuchunguza. Boudu ameamua kung'arisha viatu vyake, maana ndivyo wanavyofanya watu wa humu. Nia ni njema kabisa. Anajipaka dawa nyeusi mikono yote. Anatafuta pa kujipangusia, anapangusa kwenye kitandiko cha satini cha Mama Emma. Anakwenda jikoni kunawa, anafungua bomba, bomba linabaki wazi, jiko linafurika. Kila hatua inafuata ile ya nyuma kwa mantiki isiyo na kasoro: viatu vichafu vinataka dawa, mikono yenye dawa inataka kitambaa, mikono isiyotakata inataka maji. Mwili wa Simon ni mzito, mabega yanayumba, midomo mikubwa inaning'inia, sauti inatoka kifuani kama inakoroma. Huku vitu vikiharibika yeye anatembea katikati ya uharibifu kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi. Mchekeshaji wa kawaida angeshtuka kidogo, angejaribu kuficha. Simon hafichi. Kwake hakuna kilichoharibika.

Ndiyo maana sikubali pia wanaosema Boudu ni mjanja anayewalipiza kisasi mabwana. Sisi tuna Abunuwasi, tunamjua mjanja akoje: anapiga hesabu, anamtegea mkubwa, mwishoni anaondoka na dinari mfukoni na wasikilizaji wanampigia makofi. Boudu hapigi hesabu yoyote. Anaposhinda bahati nasibu, faranga 100,000, ni kwa tiketi aliyopewa na Lestingois mwenyewe, na ushindi huo ndio unaomweka katika hatari kubwa kuliko mto, maana sasa anafaa kuoa. Duka linapomwangukia mikononi kwa dakika chache, mteja anaingia kuulizia Les Fleurs du mal, yaani "Maua ya Uovu", kitabu cha mashairi cha Baudelaire. Boudu anamjibu kuwa hapa hatuuzi maua. Si mzaha wa kumkomoa msomi. Maua ni maua.

Sasa Lestingois. Vijana wako watataka kumfanya mnafiki, usiwaruhusu haraka. Ni mtu mkarimu kweli. Kabla Boudu hajafika tunamwona akimpa mwanafunzi asiye na hela vitabu bure, na mwanafunzi anashukuru, wote wawili wanapendeza. Anavumilia maji, anavumilia kitandiko, anamtetea Boudu mbele ya mkewe. Mpaka siku anapogundua kuwa Boudu ametema mate ndani ya kitabu cha Balzac, mwandishi mkubwa wa Ufaransa, kile kinachohusu ndoa. Hapo uvumilivu unakatika. Mtu anayemtemea mate Balzac amevuka mpaka! Nyumba inaweza kuzama, lakini kitabu? Ni mzaha mzuri kwa sababu kila mmoja wetu ana Balzac wake, na hasa sisi wa vitabu. Mwalimu, nadhani na wewe unaye, labda kwenye kabati la chumba cha walimu.

Renoir alilijua tabaka hilo kwa kulelewa ndani yake. Baba yake ni Pierre-Auguste Renoir, mchoraji, na Jean aliuza baadhi ya picha za baba yake kugharimia filamu zake za mwanzo. Anamcheka Lestingois kama mtu anavyomcheka mjomba wake. Wema wa mjomba huyo una sharti moja lisiloandikwa popote: aliyeokolewa aonekane ameokolewa. Avae suti, akae vizuri, aseme asante mbele ya wageni. Lestingois anapewa nishani kwa kumtoa mtu majini. Fikiria hilo kidogo. Serikali ambayo polisi wake alitishia kumkamata Boudu akiwa hai na mkavu sasa inatoa nishani kwa sababu ya Boudu huyohuyo, na nishani haiendi kwake.

Nimefika mahali pagumu, na hapa sitaitetea filamu. Boudu ananyolewa, anarudi amependeza, na anamshika Mama Emma kwa nguvu. Emma anakataa mwanzoni. Baadaye, kwa mujibu wa filamu, anafurahi. Kamera inaondoka na kwenda kwenye picha ya askari anayepuliza baragumu iliyotundikwa ukutani, huku nje bendi ya kweli ikipiga kwa ajili ya nishani ya mumewe. Kwa ufundi wa kupanga picha na sauti, ni hodari. Kwa maudhui, ni mzaha wa kizamani unaosema "hapana" ya mwanamke ni ndiyo iliyochelewa, na mwaka 1932 wengi waliuona hivyo bila kuuliza. Leo hatuna sababu ya kuuona hivyo. Kuna wahakiki wanaoupita haraka kwa kusema Boudu ni nguvu ya maumbile, kama mafuriko. Mimi sikubali, filamu inayojua kwa makini namna hiyo mtu anavyodharauliwa na polisi ingeweza kujua pia kwamba Emma ni mtu. Renoir alimpa Emma ukali, uzuri na maumivu ya kichwa, hakumpa nafasi ya kuamua. Anne-Marie naye anapitishwa kutoka kwa bwana mkubwa kwenda kwa Boudu mwenye fedha, na anaonekana kuridhika mno na mpango huo. Hiyo ni kasoro, iite kasoro.

Upande mwingine utakaoulizwa ni huu wa kuwacheka maskini. Nimeshasema kicheko kinakoelekea. Shaka yangu ni ya namna nyingine kabisa. Filamu inaufanya uzururaji uonekane mtamu mno. Mwaka 1932 mdororo wa uchumi ulikuwa umeshaingia Ufaransa, na waliolala chini ya madaraja ya Paris walikuwa na baridi, kikohozi na polisi. Boudu hakohoi kamwe. Halali na njaa tukaona. Anajitosa mtoni, anaopolewa, na punde anaomba sadini. Hata sababu ya kujitosa kwake, kupotelewa na mbwa, rafiki pekee aliyekuwa naye, inasahaulika nusu njia. Renoir alitaka mtu huru na akaazima mzururaji kumwonyesha. Wazururaji wenyewe hakuwauliza. Hilo halifuti filamu, ila ukiwa na vijana ambao wengine wao nyumbani kwao wameijua njaa, litaje kabla hawajalitaja wao.

Mwisho wa filamu ndio unaojibu swali lako la mwongozaji yuko upande wa nani. Hadithi ilitoka kwenye tamthilia ya René Fauchois, na humo Boudu anatulia, anaoa, jamii inampokea. Renoir na Simon, ambaye alikuwa pia mmoja wa waliogharimia filamu, walikataa. Siku ya harusi wako wote kwenye mashua mto Marne, wamevaa rasmi. Boudu ananyoosha mkono kuchuma yungiyungi, mashua inapinduka. Wengine wanajikokota ukingoni, wamelowa, wanamlilia. Yeye amelala chali majini, anaelea, mto unamchukua. Anatokea mbele zaidi, anakuta sanamu ya kutishia ndege shambani, anabadilishana nayo nguo: sanamu inabaki na suti ya bwana harusi, yeye anaondoka na matambara. Anaomba mkate kwa watu waliokaa kwenye majani, anagawana na mbuzi, kofia ya harusi anaitupa mtoni. Kamera inageuka taratibu kuuzungukia uwanda na maji, kana kwamba haina haraka ya kumtafuta mtu yeyote.

Fauchois alikasirika hadi akatishia kuondoa jina lake. Namwelewa: tamthilia yake ilimhusu Lestingois, na Renoir amempa Boudu ufunguo wa mlango. Ukitaka kuona uzito wa uamuzi huo, tazama Down and Out in Beverly Hills ya Paul Mazursky ya mwaka 1986, ambapo hadithi imehamishiwa kwenye bwawa la kuogelea la tajiri wa California. Humo mzururaji, Nick Nolte, anaondoka na mbwa, anajaribu kula cha jalalani, halafu anageuza na kurudi nyumbani kwa matajiri kunywa kahawa. Inachekesha, imechezwa vizuri, na imekubaliana kabisa na Fauchois. Methali ya mwenzako haina kazi tena, punda amerudi zizini.

Je, uwaonyeshe kidato cha tano? Ningewaonyesha, ila si yote kwa mkupuo, ingawa ni fupi, haifiki saa moja na nusu. Ruka ule mchezo wa ufunguzi ambapo Lestingois anajifanya mungu wa porini wa Kigiriki anayemkimbiza Anne-Marie kwenye jukwaa la mapambo. Una maana yake, lakini utakupotezea darasa. Anza bustanini kwa mbwa, kisha faranga 5, kisha daraja, kisha viatu, kisha Balzac. Tukio la Emma usilionyeshe, lieleze kwa maneno yako na useme kwa nini umeliruka. Vijana wa umri huo wana mengi ya kusema kuhusu hilo kuliko tunavyodhani. Malizia na mashua. Kwa Kifaransa chao, mazungumzo ya nyumbani yanasikika vizuri kuliko ya nje, kwa sababu Renoir alishikilia kurekodi sauti palepale mahali pa tukio, na magari ya Paris ya 1932 hayakunyamaza kwa heshima yake.

Na kama walimu wenzako wakikataa kabisa kumrudia Boudu, jaribu nao Paris pieds nus ya mwaka 2016, ya Dominique Abel na Fiona Gordon, waigizaji walewale wakiwa ndio waongozaji. Mzururaji humo anaishi ndani ya hema ukingoni mwa Seine, mkutubi kutoka Kanada anaanguka mtoni na mkoba wake mgongoni, na miili inajikunja, inanasa, inacheza dansi kama kwenye sarakasi. Mzururaji wake ni msumbufu pia, lakini wa kuvumilika, na Emmanuelle Riva, aliyefariki Januari 2017, yumo kama bibi kizee anayetoroka ili asipelekwe makao ya wazee. Huyo mwenye methali atakaa mpaka mwisho. Halafu ndipo umrudishe kwa Boudu, umwambie safari hii amtazame mwenye darubini.